Nilivyomshtaki Jirani wa Kizimba kwa Matusi

Ninauza mchele, maharage na dagaa kwenye soko moja la Temeke, Dar es Salaam. Kizimba kinachotazamana na changu ni cha bwana mmoja anayeuza unga na mafuta ya kupima, na huyo bwana alinitukana karibu kila siku ya biashara mpaka tukafikishana mahakamani. Jina lake silitaji, na soko silitaji. Yeye bado yupo pale, mimi bado nipo pale, na kesi imeshakwisha. Naandika kwa sababu wanawake wenzangu wakinijia huanza na swali lile lile: "Mama Rehema, hivi matusi nayo yana kesi?"

Yana kesi. Tena si ya aina moja, na hapo ndipo watu wanapopotelea. Kila aina ina mlango wake, ushahidi wake na mwisho wake. Unaweza kushinda ukatoka na karatasi yenye muhuri isiyokusaidia chochote kesho asubuhi ukifungua biashara.

Mambo yalianza baada ya mimi kutoka eda. Alinitongoza, nikamkatalia kistaarabu, akacheka, nikadhani yamepita. Baadaye akaanza utani wa kuongea na wateja wake kwa sauti ya kunifikia: mjane huyu hashindwi kitu, ana wa mchana na ana wa usiku. Utani ukaisha, yakabaki matusi yenyewe, yale ya nguoni, ya kumtaja mama yangu ambaye ni marehemu. Mwisho akatoa lile ambalo mfanyabiashara wa Dar analiogopa kuliko tusi lolote: akasema nina chuma ulete, yaani uchawi wa kuvuta hela za wengine. Ukishapakwa hilo, jirani uliyekuwa unachenjiana naye noti ya elfu kumi anakwambia hana chenji huku droo iko wazi. Mteja anakulipa, kisha anahesabu zilizobaki kwenye pochi mara mbili. Hakuna anayekwambia kitu usoni, biashara inapungua tu.

Nilianzia kwa uongozi wa soko, na mpaka leo nasema ni sahihi kuanzia pale. Masoko ya Dar yana historia na jambo hili. Katikati ya miaka ya 2010 shirika la Equality for Growth, sisi tunaliita EfG, liliendesha kampeni kwenye masoko ya Ilala na Temeke iliyoitwa "Mpe Riziki Si Matusi". Wafanyabiashara wenyewe walifundishwa usaidizi wa kisheria, na masoko yakawekewa miongozo ya kumwadhibu anayemtukana au kumshikashika mwanamke. Sisi pia tulikuwa na kanuni zetu zimebandikwa ofisini, ingawa ratiba ya zamu za usafi ilikuwa imezifunika nusu.

Kamati ilituita. Wazee wakasikiliza, wakamwambia aache, wakatuambia tupeane mikono. Nikampa mkono. Kabla sijatoka nikamwomba katibu aandike muhtasari wa kikao: nani amelalamika, kalalamikia maneno gani, mwenzake kajibu nini, wamekubaliana nini. Katibu hakupenda. Alisema mambo ya kifamilia hayaandikwi. Nikamjibu kwa upole kwamba mimi na yule bwana si familia, ndiyo maana nimekuja. Akaandika, nikapata nakala yenye muhuri wa soko. Karatasi hiyo wakati ule ilionekana ya kijinga. Kwa hakimu ilikuja kuonyesha kwamba jambo halikuanza siku ile ya kesi, na kwamba mtu alionywa akarudia.

Kutoka sokoni nilikwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, naye akatupeleka baraza la kata. Baraza kazi yake ni kusuluhisha, halifungi mtu. Wengine hulidharau kwa sababu hiyo. Mimi silidharau, kwani pale ndipo alipokubali kwa kinywa chake, mbele ya wajumbe, kwamba maneno aliyasema "kwa hasira za biashara". Tukaandikiwa hati ya makubaliano, tukatia saini wote wawili.

Alikaa kimya kwa muda. Aliporudi, alirudi na akili zaidi. Akawa hanitaji. Anaimba. Anatunga vijineno kuhusu "bibi mwenye mizani" na "mali ya marehemu", wapagazi wanacheka, na mimi niliyekaa mita tatu mbele yake natakiwa nijifanye sijaelewa. Sisi wa Uswahilini tumelelewa kwenye vijembe, tunajua fumbo linamlenga nani hata likitupwa uchochoroni. Lakini mahakama haikulelewa Uswahilini. Ukienda kusema "aliimba", utaulizwa: alikutaja? Kama hakukutaja, nani mwingine aliyesikia na akaelewa ni wewe, na aliyajuaje? Na usiku akaanza kutuma sauti kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara, huko ananitaja kabisa, chuma ulete na mengine yote.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa msaidizi wa kisheria. Ni dada mmoja aliyenizidi umri kidogo, anafanya kazi hiyo chini ya utaratibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na hakunitoza senti. Nilimweleza mambo yangu yote, nikalia, akaniacha nilie. Nilipomaliza akaniuliza: "Unataka afungwe, unataka akulipe, au unataka anyamaze?"

Nilijibu nataka yote. Akasema yote hayapo kwenye mlango mmoja, nichague la kwanza.

Nikafikiri. Afungwe: ana mke ambaye huniamkia shikamoo, na watoto wanakuja kununua maharage kwangu. Anilipe: atanilipa na nini, lita za mafuta? Nikasema nataka anyamaze, na lile neno la chuma ulete lifutwe. Baada ya hapo mazungumzo yakawa mepesi, akaanza kunipitisha kwenye sheria moja moja.

Ya kwanza ilikuwa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 89. Kinasema ni kosa kumtolea mtu lugha ya matusi kwa namna inayoweza kusababisha uvunjifu wa amani, na adhabu yake ni kifungo cha hadi miezi sita. Nusu ya pili ya kifungu hicho hicho inamhusu anayetishia kumdhuru mtu, au kuchoma au kuharibu mali yake. Kwa wanaosoma sasa: toleo jipya la sheria zetu lilianza kutumika Julai 2025 na namba za vifungu vingi zimehama, kwa hiyo mwambieni karani jina la kosa, "lugha ya matusi", namba ataitafuta yeye.

Angalieni yale maneno "uvunjifu wa amani". Yana kazi mbili. Kwanza, tusi la chumbani baina ya watu wawili ni gumu kulishtaki kwa kifungu hiki, ila tusi la sokoni mbele ya watu linaingia vizuri. Pili, ukijibu tusi kwa tusi umejiingiza mwenyewe, maana na wewe umevunja amani. Yule dada aliniambia wazi kwamba kesi nyingi za wanawake wa sokoni hufia hapo. Polisi wanauliza mashahidi, mashahidi wanasema "walitukanana", na jalada linafungwa au mnawekwa ndani wote. Nilikuwa nimejizuia tangu mwanzo, si kwa sababu ya sheria bali kwa sababu marehemu mume wangu alichukia kelele. Ikanisaidia.

Ya pili ilikuwa kosa la unyanyasaji wa kijinsia, kifungu cha 138D cha Kanuni hiyo hiyo, lililoingizwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998. Linagusa hata maneno peke yake, yakiwa ya kingono na hayakutakiwa. Adhabu niliyosomewa: kifungo hadi miaka mitano, au faini isiyozidi shilingi laki mbili, au vyote. Nikamwomba anisomee tena. Miaka mitano na laki mbili kwenye sentensi moja! Laki mbili ni magunia mangapi ya mchele? Sheria ya mwaka 1998 imebaki na bei za mwaka 1998.

Ya tatu ilikuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, inayomhusu anayemtumia mwenzake ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumtisha, kumnyanyasa au kumtesa kihisia. Hii ni kali. Faini yake haipungui milioni tano, kifungo hakipungui miaka mitatu, au vyote pamoja. Kesi yake haisikilizwi Mahakama ya Mwanzo, inapanda juu. Na sauti za WhatsApp tulikuwa nazo, simu yangu imejaa.

Mtu yeyote angesema nichukue hiyo ya tatu, ushahidi upo mkononi na adhabu ni nzito. Mimi mwenyewe nilitaka hivyo. Nikaenda kwa mashahidi wangu: mama lishe anayepika jirani na vizimba vyetu, kijana wa mkokoteni, na mwanakikundi mmoja wa kundi la WhatsApp. Waliposikia miaka mitatu, kila mmoja akapata safari. Mwanakikundi akasema simu yake imeharibika na sauti zote zimepotea. Kijana wa mkokoteni akaniambia ukweli: "Mama, mimi nitasema alikutukana, kwa sababu alikutukana. Lakini siwezi kumfunga mtu miaka mitatu kwa maneno, halafu nipite na mzigo mbele ya duka la mdogo wake."

Sikumlaumu. Nilijifunza kwamba uzito wa adhabu unabebwa na mashahidi kabla haujambebesha mshtakiwa. Watu wa soko wako tayari kusema kweli ikiwa wanaona mwisho wake unalingana na kosa. Ukichukua mlango mzito, hakikisha unaweza kuusukuma peke yako.

Tukaamua kifungu cha 89. Zile sauti tukaziweka akiba. Yule dada alinionya nisizifute, nisibadilishe simu, nisitegemee picha za skrini tu wala kuzihamishia kwa mtu mwingine nikabaki na nakala. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, nayo ni ya 2015, inakubali ushahidi wa namna hiyo, lakini mahakama hutazama kumbukumbu ilitunzwaje na ilitoka wapi. Simu yangu ya zamani, yenye kioo kilichopasuka, ikawa haiendi kwa fundi.

Akaniambia pia ninunue daftari. Daftari la shule, la kawaida. Niandike tarehe, saa, maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, na nani alikuwa karibu. Si "leo kanitukana tena". Maneno yenyewe. Niandike siku hiyo hiyo kabla sijalala. Nilichukia kazi hiyo. Siku nzima umejitahidi usiyasikie, usiku unakaa chini ya taa kuyaandika kwa mkono wako, na mtoto wa shule amelala pembeni. Lakini bila daftari siku zote zinafanana kichwani, na wakili au mshtakiwa akikuuliza Jumanne alisema nini na Alhamisi alisema nini, unababaika.

Kilichonipeleka polisi hatimaye kilikuwa kitisho. Mchana mmoja, baada ya mteja wake kuhamia kwangu, alisema mbele ya watu kwamba iko siku atakichoma kizimba changu na mchele wake ndani. Masoko ya Dar yameungua mara nyingi. Hakuna mfanyabiashara anayesikia neno hilo akalichukulia utani. Nilifunga biashara nikaenda kituoni saa ile ile.

Afande wa kaunta alinisikiliza huku akiandika la mwingine. Nilipotaja matusi alisema, "Ni maneno tu hayo mama, na nyie ni majirani, kamalizaneni." Nikamwambia ametishia kuchoma mali yangu, tena nina karatasi mbili za usuluhishi alizotia saini. Kalamu ikasimama. Akaniandikia RB, ile namba ya taarifa iliyofunguliwa polisi, akanielekeza Dawati la Jinsia na Watoto, kwenye chumba cha ndani. RB hailipiwi. Natamka hivyo kwa sababu bado nasikia wanawake wanaodhani ina bei.

Dawatini nilimkuta afande wa kike, mtulivu. Aliandika maelezo yangu, akanipa nisome kabla ya kutia saini. Alikuwa ameandika "alinitolea lugha chafu isiyofaa". Nikamwomba aandike maneno yenyewe. Aliniangalia, akauliza kama nina uhakika, kwa sababu nitakwenda kuyarudia mbele ya hakimu. Nikasema ndiyo. Akafuta, tukaanza upya, yeye anaandika na mimi natazama dirishani nikitamka. Hilo ndilo jambo ambalo ningemsisitizia mwanamke yeyote anayekwenda kutoa maelezo: hati ya mashtaka inajengwa juu ya karatasi ile. Ukiacha "lugha chafu", mshtakiwa atasema alisema "mshenzi", na mshenzi siku hizi ni salamu ya daladalani.

Alikamatwa, akahojiwa, akapata dhamana. Dhamana nayo ni haki na haina malipo, ikiwa na maana kwamba jioni ile ile nilimkuta anafunga biashara mkabala na mimi. Walionizunguka walishangaa, wakadhani kesi imekufa. Haikufa. Tulifikishwa Mahakama ya Mwanzo kwa makosa mawili: lugha ya matusi, na kutishia.

Mahakama ya Mwanzo ni mahakama yetu sisi watu wa chini. Kila kitu ni Kiswahili. Wakati ule, mwaka 2018, mawakili hawakuwa wakiruhusiwa kusimama pale, kwa hiyo yeye hakuwa na wakili na mimi sikuwa naye. Hakimu aliketi na wazee wa baraza wawili, raia wanaosikiliza kesi pamoja naye, mmoja wao mzee wa kofia na mvi, wa umri wa baba yangu mdogo.

Zamu yangu ilipofika niliapa, nikaeleza. Nilipofikia yale matusi nikasema, "Mheshimiwa, alinitukana matusi ya nguoni." Hakimu akaniambia, "Sema kama yalivyotamkwa." Nikamwomba niyaandike kwenye karatasi. Akasema kwa upole kwamba mahakama inapaswa kuyasikia, na mshtakiwa anapaswa kuyasikia ili ayajibu. Chumba kilikuwa kimejaa watu wanaongoja kesi zao, mwanamke mmoja ananyonyesha, na yule mzee wa kofia amenikabili.

Nikayasema. Yote, na la mama yangu. Sikuyasema kwa sauti kubwa, hakimu akanitaka nirudie kwa sababu anaandika kwa mkono. Nikarudia. Mzee wa kofia aliinamisha uso. Mshtakiwa naye aliinamisha uso, na hilo sikulitegemea. Nadhani mtu anaweza kutukana kwa kipindi kirefu bila kuyasikia anayoyasema, kwa sababu hutoka haraka, na watu wanacheka. Pale hakuna aliyecheka.

Wanawake wengi huacha kesi kwa ajili ya dakika hiyo. Nami siwalaumu, ila ni vizuri mtu ajue mapema kwamba ipo, ajiandae, hata afanye mazoezi na rafiki yake nyumbani. Ukumbi wa mahakama si mahali pa kuyatamka kwa mara ya kwanza.

Kisha akanihoji mwenyewe, maana mshtakiwa ana haki ya kukuuliza maswali. Akaniuliza kama si kweli kwamba nilimwita hohehahe. Nikasema si kweli. Akamuuliza mama lishe kama si mkopaji wangu wa mchele. Mama lishe akajibu, "Ninakopa kwake na unga ninakopa kwako, na deni lako ndilo kubwa." Hata hakimu alitabasamu. Kijana wa mkokoteni alikuja, akasema alichoahidi kusema: tarehe, mahali, maneno. Kuhusu kile kitisho cha kuchoma, alisema alisikia "kuchoma" lakini hakusikia kuchoma nini, kwani lori lilikuwa linashusha mzigo. Mama lishe siku hiyo alikuwa amekwenda msibani. Kwa hiyo kwenye kitisho nikabaki na neno langu dhidi ya neno lake.

Kesi iliahirishwa mara kadhaa katikati. Kila kuahirishwa ni siku ya biashara imekufa, yangu na ya mashahidi. Kwa hiyo mashahidi wawili wanaokuja kweli ni bora kuliko watano wanaoahidi.

Hukumu: kosa la kutishia halikuthibitika, akaachiwa. Kosa la lugha ya matusi lilithibitika pasipo kuacha shaka, akatiwa hatiani. Hakimu alizitazama zile karatasi mbili, ya soko na ya baraza, akamwambia kwamba alisamehewa mara mbili kabla ya kufika pale. Adhabu yake ikawa kuachiwa kwa sharti: asitende kosa kwa miezi kumi na miwili, akitenda ataitwa kuadhibiwa kwa hili na kwa jipya. Akaambiwa ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Hakukata.

Nje ya mahakama shemeji yangu alikasirika kuliko mimi. "Yaani kaachiwa tu? Hata faini?" Sokoni wakasema Mama Rehema kashindwa. Mimi sikuona hivyo. Faini angelipa asubuhi, mchana akaanza upya akiwa na kisasi cha hela yake. Sharti lilikaa naye mwaka mzima, kila akifungua mdomo anaiona mahakama. Nilikuwa nimetaka anyamaze, na alinyamaza.

Baadaye nilijifunza kwamba ulikuwapo mlango mwingine unaofanana na huo: mtu anayetishia kuvunja amani anaweza kupelekwa mbele ya hakimu aamriwe kuweka ahadi ya kutunza amani, pengine na wadhamini, kwa muda maalumu, hata kabla hajafanya kosa lenyewe. Wachache wanauomba. Kwa mwenye jirani wa vitisho kuliko matusi, ningemshauri auulizie kwanza.

Na mpwa wangu, aliyekuwa akitukanwa na bosi wake dukani, alipita njia tofauti kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa aina ya ubaguzi, na malalamiko huenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Huko saa inakimbia: siku 60 kwa mgogoro wa namna hiyo, na 30 tu ukiwa umefukuzwa kazi. Yeye aliwahi.

Likabaki lile la chuma ulete. Kesi ya jinai haikuligusa vizuri, maana hilo si tusi la kuniumiza mimi tu, ni la kuniharibia jina kwa watu, na dawa yake ni madai ya kashfa, kesi ya madai, muda wake miaka mitatu tangu maneno yasemwe. Wakili wa msaada wa kisheria aliniambia ukweli kwamba ningehitaji wateja waje kusema tuliacha kununua kwa Mama Rehema kwa sababu tuliogopa hela zetu. Nani angekubali kusimama mahakamani kukiri anaogopa chuma ulete? Nikaachana na kesi. Wakili akapendekeza barua: amtake yule bwana afute maneno yake kwenye kundi lile lile alilotumia, ndani ya siku saba, la sivyo zile sauti nilizozitunza zitapelekwa zinakohusika. Ukurasa mmoja, yenye jina la ofisi juu.

Alituma sauti siku ya sita, usiku. Alisema yale maneno ya chuma ulete hayakuwa na ukweli, yalikuwa ya hasira, na anaomba radhi kama kuna mtu alikwazika. Wakili alipoisikia alitaka tumwandikie tena, aitume upya bila hiyo "kama kuna mtu". Nikamwambia kesho ni Jumamosi, wateja ni wengi, aiache hivyo hivyo.